Ulimi wa Ugenini

Wazazi wa Bariadi hutuuliza: mbona mtoto wetu aliyekwenda Dar es Salaam amekuwa mwenye hofu, naye hapa nyumbani alikuwa hodari wa maneno? Je, kuugeuza usemi wake ni adabu, au ni kuwakana watu wake?

Wapenzi wasomaji, tuuangalie ulimi kwanza. Kisukuma hakina sauti ya r. Kijana afikapo mjini husema “balabala”; watu hucheka, naye hukipokea kicheko kile kama hukumu juu ya akili yake. Tangu siku ile hujilinda. Walakini baadaye mtamsikia akisema “kurara” mahali pa “kulala”, neno ambalo hapo kwanza hakulikosa kamwe! Kosa hili la pili halikutoka katika Kisukuma. Hofu ndiyo iliyolizaa. Vivyo hivyo binti aliyezoea kupiga goti amwamkiapo mkubwa: ofisini huyazuia magoti yake, naye arudipo nyumbani husimama mbele ya mama mkwe asijue ashike desturi ipi.

Tena jina lenyewe la Msukuma latoka wapi? Maana ya sukuma ni kaskazini. Majirani wa kusini ndio waliotuita hivyo, kwa kuwa walitutazama kutoka kwao. Wenyeji wa Bariadi wakiwa kwao hujiita Wantuzu. Wafikapo pwani huwa Wasukuma, tena huitwa washamba. Mtu ni yule yule. Waliogeuka ni wamtazamao. (Hata mkoa wa Simiyu ulianza mwaka 2012 tu. Kabla yake tulikuwa watu wa Shinyanga, wala hakuna aliyelala Shinyanga akaamka mtu mwingine.)

Kujifunza desturi ya wenyeji si kukana. Wafugaji wetu wengi walihamia Usangu, na walipoondoshwa huko mwaka 2006 na 2007 wengine walifika hata Lindi. Mwenye ng’ombe katika nchi ya wakulima sharti ajue jinsi wenyeji wanavyosalimiana na kupatana juu ya mipaka. Hilo ni deni la mgeni. Petro naye, uani kwa kuhani mkuu, alitambulikana kwa usemi wake wa Kigalilaya. Usemi ule haukuwa kosa. Kosa lilikuwa neno alilolisema kwa kuuogopa.

Nanyi wazazi, kijana arudipo na r zake, msimwite Mswahili kwa dhihaka, maana kicheko cha nyumbani humwuma kupita cha mjini. Mpeni kiti, mwambieni “Mwangaluka”, mkamngoje ajibu.