Mgonjwa Haulizwi Uji?

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni njema: aliyelala kitandani hana nguvu za kuomba, basi mpelekee bila kungoja aseme. Lakini methali hii ikitoka jikoni ikaingia hospitalini huzaa swali zito. Je, mgonjwa haulizwi pia kuhusu kupasuliwa, dawa, na habari za maradhi yake mwenyewe?

Wapo wanaosema kumuuliza mgonjwa ni desturi ya Wazungu. Sivyo. Mwaka 1961 uchunguzi wa madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago ulionyesha kuwa karibu asilimia 90 hawakupenda kumwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Uchunguzi kama huo ulipochapishwa mwaka 1979, huko Rochester, asilimia 97 walisema wangemwambia. Desturi ilikuwa imegeuka katika miaka 18.

Nasi tunaoishi Riyadh na Jeddah tusidhani jambo hili ni geni hapa. Fatwa nambari 119 ya mwaka 1404 Hijria (1984) ilieleza kwamba mtu mzima mwenye akili timamu hapasuliwi bila idhini yake, awe mwanamume au mwanamke. Sheria ya fani za afya ya mwaka 2005 nayo ilimwachia daktari, katika maradhi yasiyotibika, apime kwa dhamiri yake kama inafaa kumweleza mgonjwa au jamaa zake, isipokuwa mgonjwa mwenyewe amemkataza au amechagua nani aambiwe. Kwa hiyo mgonjwa ana neno. Shida ni kwamba lazima apate nafasi ya kulisema.

Sasa mfikirie dada yetu wa Mombasa au Tanga anayefanya kazi za nyumbani Jeddah. Daktari huenda ni Mmisri au Mpakistani, muuguzi ni Mfilipino, na Kiarabu cha dada ni kile cha jikoni tu. Anayejibu maswali ni tajiri wake. Anaumwa wapi, tangu lini, ana mimba au hana: yote hupita juu ya kichwa chake. Hata daktari akiwa mpole na dawa ikiwa sahihi, dada hakutibiwa kama mtu mwenye siri na hiari.

Mtu atasema: mzee wangu hataki kuulizwa, humwambia daktari, "Wewe ndiye mjuzi, fanya uonavyo." Ni haki yake. Lakini aliyekukabidhi ufunguo wa nyumba yake si sawa na yule uliyemvunjia mlango. Kutotaka kujua nako ni uamuzi, mradi mtu ameulizwa.

Katika uhandisi, mwenye nyumba hatumuulizi unene wa nguzo, maana hiyo ni elimu yetu. Tunamuuliza nani watakaa humo na wataishi vipi, maana hiyo ni elimu yake. Daktari na mgonjwa nao wana elimu mbili, na moja haitoshi.

Basi ndugu zangu, tukiitwa kumfasiria mgonjwa, tufasiri maneno yake yote wala tusimjibie. Tajiri akiwapo, tumwombe daktari kwa adabu dakika chache za faragha. Na wazee wetu tuwaulize wangali wazima: ukiugua, ungependa nani aambiwe? Uji tuwapelekee bila kuwauliza, lakini hili tuwaulize.