Je, Kusahauliwa ni Hukumu?

Watu wengi huamini kuwa wakati ni hakimu mwadilifu wa kazi za sanaa. Kilicho chema, husema, hudumu. Kilicho hafifu hupeperushwa kama makapi. Imani hii hufariji, kwa kuwa humwondolea mtu wajibu: kilichosahauliwa kilistahili, wala hapana wa kulaumiwa.

Na itazamwe santuri moja. Mwaka 1976 kundi la Sunburst la Dar es Salaam, lililochanganya roki na mahadhi ya Kiafrika, lilitoa Ave Africa, albamu yake ya pekee. Ilitolewa Zambia, Tanzania ya siku zile haikuwa na kiwanda cha santuri, na nyimbo nyingine za bendi zilibaki katika kanda za redio. Miaka ikapita, albamu ikajulikana kwa wakusanyaji wachache tu. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London iliitoa upya, ikapata wasikilizaji wapya.

Je, thamani yake ilizaliwa 2016? Haiyumkini, maana sauti ni zile zile. Basi kusahauliwa kwake hakukuwa hukumu. Ungo hupepeta punje zilizotiwa ndani yake. Punje isiyotiwa haikukataliwa na ungo. Vijana waliozaliwa baadaye hawakuisikia wakaikataa. Wengi hawakupata kuisikia kamwe.

Itajibiwa kuwa binadamu hawezi kukumbuka yote. Ni kweli, kwani moyo si ghala lisilojaa. Lakini kuacha baada ya kupima ni uchaguzi. Kupoteza kabla ya kupima ni uzembe, na uzembe haugeuki haki kwa kubandikwa jina la wakati.

Songea inalijua jambo hili. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ulirithi jina lake, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Kumbukumbu yake na ya wenzake haikuachiwa wakati: wamejengewa makumbusho, na kila Februari watu hukusanyika kuwaenzi. Ushujaa wao haukujilinda. Walio hai waliulinda. Lakini katika mji huo huo fundi wa ngoma ya lizombe aweza kuzikwa pamoja na midundo ambayo hakuna aliyeinasa. Atakayesema kesho kuwa midundo hiyo haikuwa na thamani atakuwa ametoa hukumu bila kusikia shahidi hata mmoja.