Kukonda Mbele ya Shangazi

Februari mwaka juzi nilishuka basi Mungaa nikiwa nimepungua kilo tisa kwa wiki tano. Ofisini Dodoma kila mtu alinipongeza, hadi mlinzi wa getini. Shangazi yeye alinishika mkono, akauzungushia vidole, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, unaumwa nini?"

"Siumwi, Shangazi. Nimepungua kwa makusudi."

Alinyamaza. Kwetu Singida mvua ni za msimu mmoja. Februari uwele bado uko shambani na kihenge kinaelekea kuwa kitupu. Mvua zikikosea, watu hukonda bila kupenda. Halafu miaka ya 1990 kukonda kukawa tangazo la UKIMWI. Shangazi amezika watu kwa sababu zote mbili.

Jioni alichinja kuku. Nilikuwa naishi kwa juisi ya tango na yai moja kwa siku, hivyo nilionja mchuzi nikasogeza sahani. Aliukusanya ugali wangu auweke kwa ajili ya kesho, bila kunitazama.

Usiku ule nilijiuliza: nina haki ya kujinyima mbele ya mtu aliyewahi kunyimwa?

Nadhani ninayo. Presha yangu ilikuwa juu na sukari imeanza kupanda, na siwezi kubeba kilo za ziada ili mtu mwingine atulie moyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulifuatilia watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi lililolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Kidogo kinatosha kuokoa mtu.

Lakini kuwa na haki ya kupungua si kuwa na haki ya kupungua vyovyote. Nilidhani sayansi itaniambia kwamba haraka haraka haina baraka. Jibu lake halikuwa jepesi hivyo. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walilinganisha watu waliopunguzwa kwa wiki 12 na waliopunguzwa kwa wiki 36. Takriban miaka mitatu baadaye, waliofanikiwa katika makundi yote mawili walikuwa wamerudisha karibu asilimia 71 ya uzito walioupoteza. Kweli, kupungua kwa kasi huongeza hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo na huweza kula misuli. Ila mwendo wa taratibu peke yake haukuwalinda wale watu wasirudi walikotoka.

Basi faida yake iko wapi? Kwangu mimi iko mezani. Mwendo wa haraka ni safari ambayo msafiri anajua ataikatisha. Hakuna anayepanga kuzeeka na juisi ya tango. Kilo zangu tisa zilirudi kabla alizeti haijavunwa. Mwendo wa taratibu huniuliza swali jingine: hili ninalolibadilisha leo, nitaliweza kwa Shangazi, mwakani, na mwaka utakaofuata? Tonge chache naziweza. Mlenda mwingi nauweza. Kutembea nakuweza. Kumkatalia mtu kuku aliyemchinja kwa ajili yangu sikuwezi, na sitaki kujifunza kuweza.

Kuna jambo jingine. Mwili wangu ni wangu, lakini wanaonipenda ndio wanaousoma. Nikipungua kidogo kidogo, wanapata muda wa kuona kwamba anayekonda huyu anacheka, analima, anapanda kilima bila kuhema. Siwadai wakubali. Nawapa nafasi ya kutoogopa.

Tangu hapo nimepungua kilo sita kwa mwaka mmoja. Huenda nazo zikarudi.

Februari iliyofuata Shangazi alipakua mlenda mwingi na ugali wa kiasi, tukala sahani moja. Akauliza aniongeze. Nikasema nimeshiba, na safari hii ilikuwa kweli.