Kondoo Wameingia Shambani

Mwaka 2012 Waislamu wa Tanzania walighadhibika, na walikuwa na haki. Baraza la Mitihani lilikiri kuwa matokeo ya kidato cha sita ya Elimu ya Dini ya Kiislamu yalikuwa na dosari, likayasahihisha. Alama zikarekebishwa, watu wakatulia. Juu ya namna somo lenyewe linavyofundishwa, hakuna aliyepaza sauti.

Ustadhi anaingia: "Andikeni, nguzo za swaumu..." Mtoto anaandika, anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Mtaala wa sekondari uligeukia umahiri tangu 2005. Chaki haijapata habari.

Aibu hii ni kubwa zaidi Rungwa, kule Itigi kando ya pori la akiba, ambako fiqhi imelala njiani ikingoja kuokotwa. Asali inashushwa mizingani. Je, ina zaka? Abu Hanifa na Ahmad wanasema ndiyo, Malik anakataa. Na aliyetia maji ya sukari ndooni, Mtume (s.a.w.) si amesema anayeghushi si katika sisi? Mtoto wa mrina asali angekuwa na la kusema hapo. Haulizwi. Anatakiwa ataje makundi manane ya wapokeaji zaka, basi.

Wengine wanadhani kuanza somo na tatizo, kama hilo la asali, ni uzushi wa Kanada, kwa kuwa chuo cha udaktari cha McMaster kilianza hivyo mwaka 1969. Hawajasoma sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 78? Kondoo waliingia konde la mtu usiku wakalila. Wafasiri wanasimulia kuwa Daudi aliamua mwenye konde apewe kondoo. Sulaimani, kijana bado, akaona vingine: mwenye konde awachukue kwa muda, anywe maziwa, atumie sufu, mwenye kondoo ashike jembe, alihudumie konde mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mmoja arejeshewe chake. Baba hakumkemea mwana kwa jibu tofauti. Mifugo ikiingia shambani leo, kesi ikafika kwa mtendaji wa kijiji, mhitimu wa somo hili atachangia nini?

Ni kweli, maustadhi wengi wanafundisha kwa posho isiyofika sokoni. Lakini kuuliza swali hakuhitaji bajeti. Mtume aliwauliza masahaba: mti gani majani yake hayapukutiki, mfano wake ni Muislamu? Ibn Umar, mdogo kuliko wote pale, alijua ni mtende. Akaona haya mbele ya wakubwa, akanyamaza. Baadaye alipomweleza baba yake, Umar alisikitika: kusema kwake kungempendeza kuliko mali kadha wa kadha.