Mwenzi wa Ubavuni

Neno "safari" tumelipata kwa Waarabu, na wanavyuoni wa kale walipenda kueleza kwamba katika lugha yao mzizi wa neno hilo una maana ya kufunua. Walisema kuwa safari imeitwa safari kwa sababu huzifunua tabia za watu. Yasimuliwa pia kwamba mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele ya Hadhrat Umar r.a., naye akamwuliza kama alipata kuwa jirani yake, au kushughulika naye katika mambo ya fedha, au kusafiri pamoja naye. Alipokiri kuwa hakufanya hata moja katika hayo, Khalifa alimjulisha kuwa basi hamjui mtu huyo. Labda alimwona tu akirukuu na kusujudu msikitini.

Watu wa zama zile walisafiri kwa ngamia na kwa merikebu, na tabia zao zilifunuka kwa siku nyingi. Leo twasafiri kwa ndege, na kazi ile ile yafanyika kwa saa chache. Katika ndege nyingi, tangu mgongo wa kiti kimoja cha daraja la kawaida hadi mgongo wa kiti cha mbele yake ni yapata inchi 28 hadi 32 tu. Katika nafasi hiyo binadamu hukaa, hula, hulala na huudhika. Wa mbele amelaza kiti chake mpaka magotini mwako. Wa kuume ametwaa mikono yote miwili ya kiti. Wa nyuma asikiliza simu yake kwa sauti, kana kwamba wote tuliomzunguka tumealikwa ngomani. Na kabla ndege haijasimama, wengine wamekwisha inuka, wanashusha mizigo juu ya vichwa vya waliokaa.

Hapo ndipo swali linapozuka: je, nawiwa nini na mtu huyu aliyekaa karibu nami? Si ndugu yangu, wala si jirani yangu wa mtaani, na kesho hatutaonana tena. Nauli nimelipa kama yeye. Kiti changu kina kitufe cha kukilaza, na aliyekitengeneza hakukusudia kiwe pambo. Lakini je, kuwa na ruhusa ya kufanya jambo kwatosha kulifanya jambo hilo kuwa jema?

Mwezi wa Agosti 2014, ndege iliyokuwa ikitoka Newark kwenda Denver, huko Marekani, ililazimika kutua Chicago kwa sababu ya ugomvi wa abiria wawili. Mmoja alikuwa ametia kidude cha kuzuia kiti cha mbele kisilale. Mwenye kiti hicho, mwanamke, akakasirika akammwagia maji. La ajabu ni kwamba wote wawili walikuwa wamekaa katika sehemu yenye nafasi kubwa zaidi ya miguu kuliko abiria wa kawaida! Kwa hiyo tusiseme kuwa ni ufinyu wa kiti peke yake uletao ugomvi. Kila mmoja aliishika haki yake kwa mikono miwili, asibakiwe na mkono wa kumpa mwenziwe.

Waama, haki ni kitu kizuri, lakini ni ngazi ya kwanza tu. Kurani Tukufu yaamrisha uadilifu, kisha yaamrisha hisani, nayo ni kutoa zaidi ya unachodaiwa. Na juu ya hapo yataka tuwape watu kama tuwapavyo jamaa zetu wa damu. Na katika Sura An-Nisaa, baada ya kutajwa wazazi, mayatima, maskini na majirani, ametajwa pia mwenzi aliye ubavuni, na wafasiri wengi wamemtia humo mwenzi wa safari. Basi kumbe mgeni yule wa kiti cha pili hakusahauliwa. Mwenyezi Mungu alimwandikia haki yake kabla hata binadamu hajaota kuruka angani.

Ningetamani kuishia hapo, msomaji akadhani kuwa mwandishi ni miongoni mwa wasafiri wema. Lakini safari imenifunua na mimi.

Miaka kadhaa iliyopita niliondoka Dar es Salaam usiku kurejea katika chuo cha dini nilichokuwa nikifundisha, ng'ambo. Mtu wa mbele yangu alilaza kiti chake tangu mwanzo, nami usiku kucha nikawa namhukumu moyoni. Nilimtungia hotuba nzima juu ya adabu. Wakati wa sala ya Alfajiri ulipokaribia, nikaingia chooni kutawadha. Nikatawadha kana kwamba niko kisimani kwetu: kila kiungo mara tatu, na miguu nikaiinua mmoja mmoja juu ya beseni lile dogo. Nilijua vizuri kuwa Mtume Mtukufu s.a.w. aliwahi kutawadha kwa kuosha kila kiungo mara moja tu, na kwamba dini imemrahisishia msafiri mambo mengi. Nilijua, lakini sikukumbuka kuwa nje ya mlango kuna watu.

Nilipofungua nikaona foleni ndefu, na wa kwanza alikuwa bibi mmoja mzee, amejishikilia ukutani. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Umemaliza, mwanangu?" Kisha akaingia na viatu vyake vya kitambaa katika sakafu niliyoifanya dimbwi. Alipotoka nilirudi kupangusa kwa karatasi, lakini miguu yake ilikuwa imekwisha lowa, na ndege ile ilikuwa na baridi. Nilisali nikiwa nimekaa kitini, na sikuonja utamu wa sala ile. Mtu wa mbele alikuwa amenipunguzia nafasi kidogo akiwa usingizini. Mimi nilikuwa macho, tena katika ibada, nikamlowesha miguu mtu wa umri wa mama yangu.

Tangu siku hiyo nimejizoeza mambo mawili. Nikiudhiwa, humwomba aliyeniudhi kwa upole, maana aghalabu mtu hajui kuwa anaudhi. Na kabla ya kuhesabu makosa ya jirani, hujiuliza ni nani anayeyahesabu yangu.

Labda utasema, haya ni mambo madogo. La, hasha! Kanuni za usalama zataka ndege kubwa ithibitishwe kuwa watu wote waweza kutoka kwa sekunde 90, hali nusu ya milango haitumiki. Hapo anayesimama kutafuta mkoba wake anatumia sekunde za aliye nyuma yake. Tarehe 3 Agosti 2016, ndege moja ilipoanguka katika njia ya kutulia huko Dubai, baadhi ya abiria walionekana katika picha wakihangaikia mizigo hali moshi unaingia. Kwa rehema ya Mungu wote 300 waliokuwamo walinusurika, ingawa mzimamoto mmoja alikufa akipambana na moto. Tarehe 2 Januari 2024, katika uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya abiria iligongana na ndege ya walinzi wa pwani, ambamo watano kati ya watu sita walipoteza maisha. Ndege kubwa ikawaka moto, lakini abiria wakaacha mizigo yao na kufuata amri, na watu wote 379 wakatoka hai.

Moyo unaosema "changu kwanza" juu ya mkono wa kiti ndio utakaosema hivyo mlangoni siku ya moto. Hauwezi kujifunza somo jipya kwa sekunde 90.

Na wewe uliyeingia katika dini karibuni, au ungali ukiichunguza, kumbuka kuwa wengi hawatafungua vitabu vyetu. Watatusoma sisi, tukiwa tumeketi ubavuni pao. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe kurasa zisizomtia msomaji huzuni. Amin.