Haki ya Kuzuru

Mwanafunzi wa kigeni mwenye kibali cha ukaazi nchini Italia anaweza kupanda treni ya usiku mjini Bologna siku ya Ijumaa, akaamkia Vienna, akatembea mji kwa siku mbili na kurudi darasani Jumatatu bila kumwomba ofisa yeyote ruhusa. Kibali hicho, pamoja na hati ya kusafiria inayotambuliwa, humruhusu kuzuru nchi nyingine za eneo la Schengen kwa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na eneo hilo sasa lina nchi 29. Kwa wanafunzi wengi safari hizi ni burudani ya wikendi. Kwa falsafa na dini zinaibua swali zito: je, kuzuru nchi ya wengine ni haki ya kila mwanadamu, au ni fadhila ya wachache?

Wepesi wa safari hizo ulijengwa hatua kwa hatua. Tiketi ya Interrail, iliyowawezesha vijana kuzunguka Ulaya kwa treni, ilianza 1972. Tarehe 14 Juni 1985, Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba wa kulegeza mipaka katika kijiji cha Schengen, na ukaguzi ukaanza kuondolewa tarehe 26 Machi 1995. Mpango wa Erasmus, unaowapeleka wanafunzi kusoma nchi jirani, ulianza 1987. Msafiri hakuupata uhuru huu kwa tabia yake njema. Serikali ndizo zilizokubaliana, nazo zinaweza kughairi. Septemba 2024 Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu.

Uzito wa swali huonekana vizuri zaidi Kakuma, katika Kaunti ya Turkana nchini Kenya. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Kwa miaka mingi mkimbizi wa huko amehitaji kibali cha kusafiri ili atoke kambini, hata kama anakwenda mji wa Lodwar tu, takriban kilomita 120. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria, ilibatilisha agizo la kuwahamishia kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, lakini utaratibu wa vibali kwa walioko kambini haukukoma. Wakati huohuo kuna milango michache ya elimu. Mmojawapo ni mpango wa vyuo vikuu vya Italia wa kuwafadhili wakimbizi, ulioanza 2019 na baadaye ukawafikia walioko Kenya. Mkimbizi anayechaguliwa huhitaji karatasi yenye muhuri ili afike Lodwar, na baada ya muda mfupi akiwa Italia anaweza kuvuka mipaka miwili kwa siku moja. Akili na nia yake ni zilezile. Ikiwa uhuru wa kutembea unatokana na utu, tofauti hii inahitaji kuelezwa.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, ambaye hakuwahi kusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, alilishughulikia suala hili mwaka 1795 katika andiko lake kuhusu amani ya kudumu. Alitenganisha mambo mawili. La kwanza ni haki ya kuzuru, yaani kufika katika ardhi ya wengine bila kutendewa kama adui. La pili ni haki ya mgeni kukaa kama mwenyeji, jambo linalohitaji makubaliano maalumu. Haki ya kwanza aliijenga juu ya umbo la dunia: kwa kuwa ni duara, watu hawawezi kutawanyika bila kikomo, hivyo lazima wavumiliane, na hapo mwanzo hakuna aliyestahili kuwa mahali fulani kuliko mwenzake. Haki ya pili aliiwekea mpaka kwa sababu alikuwa ameona mataifa ya Ulaya yakifika ng'ambo kwa jina la kuzuru na kuishia kuteka.

Historia ya Turkana inathibitisha hofu hiyo. Waingereza waliitiisha kwa misafara ya kijeshi, mkubwa ukiwa wa 1918, kisha wakaifanya wilaya iliyofungwa, ambayo mtu wa nje hakuingia bila ruhusa. Ugumu wa kuingia na kutoka ndio uliowafanya wakoloni waichague kuwa mahali pa kuwafungia wapinzani wao. Jomo Kenyatta alizuiliwa Lodwar tangu 1959 hadi 1961. Dola iliyojipa haki ya kufika popote iliwanyima wenyeji hata haki ya kutembea kwao.

Mafundisho ya dini yanaanzia kwa Mungu, si kwa umbo la dunia. Qur'ani inawahimiza watu watembee katika ardhi na kutazama yaliyowapata waliotangulia, na inaeleza kwamba mataifa na makabila yameumbwa ili watu wapate kujuana. Torati inawaamuru Waisraeli wampende mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Katika mafundisho haya ardhi ni ya Mungu, na mwenyeji ameikabidhiwa tu. Pwani ya Afrika Mashariki iliyaishi hayo zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alipokewa na kadhi na kulazwa katika nyumba iliyotengwa kwa wanafunzi wa elimu ya dini.

Wapo wanaopinga haki pana ya kuingia. Mwanafalsafa Michael Walzer alidai mwaka 1983 kwamba jamii isiyoweza kuamua nani aingie haiwezi kulinda namna yake ya kuishi. Mwanafalsafa mwenzake, Joseph Carens, alijibu mwaka 1987 kwamba uraia wa nchi tajiri unafanana na vyeo vya kurithi vya enzi za ukabaila: mtu huzaliwa nao bila kuustahili. Lakini hoja ya Walzer inahusu zaidi ukaazi na uanachama. Anayefika Ijumaa na kuondoka Jumapili haombi kazi wala kura. Kinachobaki ni hofu kwamba hataondoka, na ndiyo maana mwombaji wa viza ya Schengen kutoka Nairobi hutakiwa kuonyesha taarifa za benki na bima ya euro 30,000, na bado anaweza kukataliwa kwa shaka tu juu ya nia yake. Hofu hiyo inaweza kuhalalisha uchunguzi wa mtu mmoja mmoja. Haiwezi kuhalalisha kuwashuku watu wote wa nchi fulani kabla hawajasema neno.

Wafugaji wa Turkana wana desturi inayochukua njia ya kati. Kisima kilichochimbwa katika mto mkavu ni cha aliyekichimba, na miti ya kando ya mto, katika utaratibu uitwao ekwar, ina familia inayoitunza na kutumia matunda yake wakati wa kiangazi. Mgeni hanyimwi kupita, ila huomba kwanza. Serikali nazo zimejaribu jambo kama hilo: tarehe 12 Septemba 2019, mjini Moroto, Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wafugaji wa pande mbili kushirikiana malisho na maji. Hata hivyo, Mei 2023 Rais Museveni wa Uganda alitoa amri ya kuwafukuza wafugaji wa Turkana iwapo masharti yake hayangetimizwa. Ukarimu wa mpakani, kama wa Schengen, hudumu pale tu panapokuwa na imani.

Kapedo inaongeza sharti lingine. Kituo hiki kiko kwenye mpaka wa Turkana na Baringo unaogombaniwa, penye chemchemi za maji moto yanayoingia Mto Suguta. Hapo hapahitajiki viza, na Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu uhuru wa kutembea. Hata hivyo mashambulizi ya silaha, likiwemo la 2014 lililoua askari polisi takriban 20, yameifanya barabara ya Kapedo iogopwe na Waturkana na Wapokot kwa pamoja. Haki iliyoandikwa bila usalama haimfikishi mtu popote.

Upande wa pili wa haki ni wajibu wa mgeni. Tangu Aprili 2024 Venice imekuwa ikiwatoza watalii wa kutwa ada katika siku za msongamano, kwa sababu wageni wengi mno huweza kumsukuma mwenyeji nje ya mji wake. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku mbili ni za kukirimiwa, na baada yake mgeni huchangia kazi ya mwenyeji. Mwanafalsafa Seneca naye alionya kwamba anayehamahama akiwa na moyo uleule hubadili mahali tu. Safari haimfunzi mtu kwa lazima, wala manufaa yake siyo msingi wa haki ya kuzuru; hata msafiri mvivu anayo haki hiyo.

Kwa hiyo, kuzuru kunastahili kuhesabiwa haki ndogo lakini ya wote. Inatofautiana na haki ya kuhamia, inaweza kuwekewa muda na masharti, na inamdai mgeni heshima. Anayetaka kuizuia ndiye anayepaswa kutoa sababu, inayomhusu mtu husika na si nchi aliyozaliwa. Kwa kipimo hicho, safari za wikendi za mwanafunzi wa Bologna hazina kosa. Kasoro iko katika utaratibu unaomtaka mkaazi wa Kakuma athibitishe kwanza kwamba anastahili kufika Lodwar.