Huzuni ya Mtu Asiyekumbuka

Liko swali moja ambalo sikulikuta katika somo lolote la saikolojia nilipokuwa mwanachuo wa ualimu pale Butimba, na ambalo miaka yote ya kuongoza shule haikunitayarisha kulijibu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyepoteza kumbukumbu akipatwa na huzuni kubwa, je, tuna wajibu wa kuitibu huzuni hiyo, au tumwache nayo kwa kuwa hata furaha tutakayompa ataisahau kabla jua halijazama?

Msomaji anaweza kudhani kuwa jibu ni rahisi. Mimi nilitakiwa kulijibu mbele ya ndugu zangu, juu ya mama yetu mzazi, na huku kuna fedha za kutoa na safari za kwenda na kurudi. Hapo ndipo nilipotambua kuwa jibu rahisi ni la mtu asiyeulizwa.

Mama yetu anakaribia miaka tisini na mitano, kwa makisio yetu, maana wakati wake watoto walizaliwa bila cheti. Tunaishi Kayenze, ufukweni mwa ziwa, kaskazini mwa jiji la Mwanza. Ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita demensia, ulimwanza polepole yapata miaka minane iliyopita. Alianza kusahau sufuria jikoni, kisha akasahau njia ya kwenda kanisani, kisha majina yetu. Mimi huniita "baba". Zamani lilikuwa neno la mapenzi, kama mama wengi wanavyowaita wana wao. Siku hizi sijui kama ananibembeleza au anamwona babu yangu mbele yake. Hayo yote tuliyazoea.

Miaka miwili iliyopita likaja jambo jingine. Mama alikata kula. Alikuwa akiamka saa nane za usiku na kukaa kitandani akitazama ukuta. Alasiri ilipofika alilia, na ukimwuliza kinachomliza alisema hajui. Mwanamke aliyependa maisha yake yote kukaa na wenzake juani wakianika na kuchambua dagaa, sasa alikataa hata kutoka mlangoni.

Tukaitana. Mdogo wangu wa kike akasema, "Kaka, huo ni uzee tu. Mama amechoka, tumwache apumzike." Shemeji yangu, mtu mwema na mwenye busara, akaongeza, "Hata ukimfurahisha leo, kesho hatakumbuka. Afadhali fedha hizo ziwasomeshe wajukuu." Hawakusema hivyo kwa ukatili. Walisema maneno ambayo wengi wetu tunayasema, na kwa sababu hiyo yanastahili kupimwa moja baada ya jingine.

Tuanze na hilo la uzee. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ulionyesha kuwa takriban wazee sita katika kila mia wana ugonjwa wa kusahau. Maana yake ni kwamba zaidi ya tisini katika mia hawana. Basi kusahau kwa namna hiyo ni ugonjwa, si umri. Na huzuni niliyoieleza, ambayo wataalamu wetu huiita sonona, ni ugonjwa mwingine unaoweza kuja juu ya huo wa kwanza, kama malaria inavyoweza kumpata mtu aliyekwisha kuvunjika mguu. Hatusemi, "Mguu umevunjika, basi malaria tuiache."

Taabu ni kwamba mgonjwa wa namna hii hawezi kujieleza. Kwa ajili hiyo, mwaka 1988 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cornell, huko Marekani, walichapisha kipimo chenye mambo 19, ambacho hakimtegemei mgonjwa peke yake. Anayemtunza naye huulizwa: Je, analala? Anakula? Amepungua uzito? Ameacha mambo aliyoyapenda? Nilipousikia utaratibu huo nilikumbuka darasa. Mtoto mdogo hawezi kukuambia kuwa nyumbani kwao kuna njaa, lakini mwalimu mwangalifu hujua kwa jinsi anavyokaa kwenye dawati.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kutokusema "ni uzee tu". Sote tunajua jambo ambalo hatupendi kulitaja. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, ilhali wekundu huo waliupata kwa moshi wa jikoni miaka sitini. Bibi anayekaa peke yake gizani, anayelia bila sababu na kusema na ukuta usiku wa manane, huanza kunong'onwa. Ugonjwa usiopewa jina na daktari hupewa jina na majirani. Kwa hiyo kusema hadharani, "Mama anaumwa, na tunamtibu," ni dawa ya kwanza, nayo haigharimu hata shilingi.

Sasa nije kwenye hoja ya shemeji yangu, ambayo ni nzito zaidi: hatakumbuka. Mwaka 1911 mwanasaikolojia wa Geneva, Édouard Claparède, ambaye walimu wengi wamelisikia jina lake kwa kazi zake za elimu, alieleza habari za mwanamke mmoja aliyekuwa amepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Siku moja Claparède alificha pini kati ya vidole vyake, akampa mkono na kumchoma. Baada ya muda mfupi mwanamke yule hakukumbuka lolote. Lakini daktari alipomnyoshea mkono tena, aliurudisha wake nyuma, asijue ni kwa nini.

Karibu miaka mia moja baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa 17 wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Muda mfupi baada ya kutazama, wagonjwa walikuwa wamesahau mengi au yote waliyoyaona, lakini huzuni na furaha zilibaki ndani yao.

Nawaomba wasomaji walifikiri jambo hili. Kumbe moyo una daftari lake, na akili ina lake. Daftari la akili linaweza kuungua lote, na lile la moyo likaendelea kuandikwa. Mimi na wewe tukihuzunika, tunaweza kujituliza: tunajua chanzo cha huzuni, tunajua itapita, tunazikumbuka huzuni nyingine zilizopita. Mgonjwa wa kusahau hana hata kimoja cha hivyo. Ana maumivu matupu, yasiyo na jana wala kesho. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tusiseme kuwa kwa sababu hakumbuki, haumii. Yawezekana anaumia zaidi yetu.

Wako watakaosema kuwa mama huyu ana haki ya kuhuzunika, na kwamba si kila chozi ni ugonjwa. Ni kweli. Mdogo wetu wa kiume alikuwa ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996. Meli ile iliruhusiwa kubeba abiria 430. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Wengi ambao miili yao haikutambuliwa walizikwa pamoja pale Igoma, na tunaamini kuwa naye yumo miongoni mwao. Mama alilia, akakaa matanga, na baada ya muda akarudi kwenye dagaa zake. Hivyo ndivyo msiba ulivyo: una mwanzo, una watu wa kukaa nawe chini, na una siku ya kuanua matanga.

Lakini sasa mama amesahau maziko. Anauliza mwanawe yuko wapi. Akiambiwa amekufa, huupokea msiba ukiwa mpya kabisa, na kesho yake haujui tena, ila uzito wake unabaki kifuani. Matanga yake hayaanuliki. Huzuni ya namna hiyo si heshima kwa marehemu, wala haimjengi aliye hai. Kwa hiyo tulikubaliana nyumbani kwamba hatutamwambia uongo kuwa mwanawe yuko safarini na atarudi, wala hatutamtangazia kifo kila jioni. Akiuliza, tunamwambia, "Mama, tusimulie habari zake." Naye husimulia jinsi mtoto alivyokuwa akimsaidia kuvuta maji ziwani, na mara nyingi swali lake hupita lenyewe.

Nimesema yafaa kutibu. Kutibu ni nini basi? Wengi wetu tukisikia neno hilo huona kidonge. Jamaa mmoja alikuwa amekwisha kumpeleka mama kwenye zahanati ambayo sitaitaja, akapewa amitriptilini, dawa ya sonona ya tangu zamani. Kwa siku chache akili yake ilizidi kuvurugika, kinywa kikamkauka, na mkojo ukawa wa shida. Daktari wa magonjwa ya akili aliyemwona baadaye hapa Mwanza aliisimamisha, akatueleza kuwa dawa hiyo huzuia kemikali ileile ya ubongo ambayo mgonjwa wa kusahau tayari anaipungukia.

Je, dawa mpya ndizo suluhisho? Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 326 wenye demensia na sonona. Baadhi walipewa setralini, wengine mitazapini, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya wiki 13 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu, na waliomeza dawa hawakuwazidi wenzao, ila madhara ndiyo yalikuwa mengi zaidi kwao. Daktari hakusema kuwa dawa ni bure kwa kila mtu. Wapo wagonjwa wenye hali mbaya sana ambao hujaribiwa dawa kwa uangalifu. Alisema tu kuwa dawa isiwe mlango wa kwanza.

Mlango wa kwanza ni mwili. Alimpima kila mahali panapoweza kuuma mtu asiyejua kusema. Magoti yalikuwa yanamwuma mno, masikio yalizibwa na nta, na jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho. Hebu fikiri, msomaji: husikii vizuri, huoni vizuri, kila hatua inakuuma, na hujui uko wapi. Nani asingelia? Akaandikiwa dawa ya maumivu kwa saa maalumu, nta ikatolewa, akafanyiwa upasuaji wa jicho. Mlango wa pili ni siku yenyewe: kutoka nje asubuhi, kukaa na watu, na kuwa na kazi mkononi. Wanawake wa jirani walikubali kumwekea ungo wa dagaa achambue. Anachambua vibaya, anachanganya na mchanga. Wao huchambua upya akiwa amelala, wala hawamwambii.

Hapo likazuka shauri jingine. Kijana wetu mmoja alipendekeza kwamba, ikiwa mama anakataa vidonge vya maumivu, visagwe na kutiwa kwenye uji asijue. "Si tulifanyiwa hivyo utotoni?" akasema. Nilikataa. Husemwa kuwa mzee hurudi utotoni, lakini huo ni mfano tu. Mtoto hajapata kuwa na amri juu ya mwili wake. Mama amekuwa nayo miaka tisini. Tunamwambia, "Mama, hii ni ya magoti," kila siku, kama kwamba ni mara ya kwanza, maana kwake ni mara ya kwanza. Siku akikataa, tunangoja saa moja tunamwambia tena. Anayekula asichokijua huishia kuuogopa mkono unaomlisha, na Claparède ametuonyesha kuwa woga huo hausahauliki.

Imebaki hoja moja, nayo niliiuliza nafsi yangu usiku. Je, namtibu mama, au nautibu moyo wangu usioweza kuvumilia kumsikia akilia? Nadhani ni vyote viwili, na sioni aibu. Lakini kipo kipimo. Ningekuwa nautibu moyo wangu tu, ningetafuta dawa ya kumlaza kimya. Kimya kingenitosha. Anayemtibu mgonjwa hatafuti kimya. Hutafuta kuona kama amekula, kama amegeuza uso kwenye jua.

Mwalimu ni mtu wa kesho. Miaka yote tulivumilia mengi darasani kwa sababu tuliamini kuwa mtoto atakumbuka, na kwamba faida itaonekana akiwa mtu mzima. Mama amenivua kipimo hicho. Hakuna kesho itakayoilipa asubuhi yake njema. Haitakumbukwa, haitaleta shukrani, haitakuwa msingi wa jambo lolote. Ikiwa ina thamani, basi thamani yake iko ndani ya asubuhi yenyewe. Waswahili wanasema tenda wema nenda zako. Nilikuwa nikilifundisha neno hilo kama onyo dhidi ya wanaongoja shukrani. Sasa naona lina maana pana zaidi: wema haupotei kwa kuwa aliyetendewa amesahau.

Mama hajapona, wala ugonjwa wa kusahau hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Ila anakula, analala mpaka alfajiri, na kilio cha alasiri sasa huja mara moja moja. Mdogo wangu wa kike, aliyesema ni uzee tu, ndiye anayemtoa nje kila asubuhi. Nasi tumepunguza matumizi mengine ili ada za wajukuu zisikwame, kwa kuwa hoja ya shemeji juu ya fedha ilikuwa ya haki na ilibidi ijibiwe kwa vitendo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mzee nyumbani aliyesahau jina lako, na ukaona ameanza kukataa chakula na kulia, usiulize kwanza kama atakumbuka utakachomtendea. Uliza ni wapi panamwuma, kisha mpeleke akaangaliwe.